Nyuzi Hamsini na Tisa

Kahororo, Alhamisi usiku

Kemilembe, mwana wange,

Akina mama wenye mioyo laini huandika barua za namna hii huku machozi yakidondokea karatasi. Mimi nimekunja uso tangu jioni, na baba yako amekimbilia chumbani mapema kabla sijamgeukia na yeye. Kwa hiyo usitafute machozi humu. Sitakuambia ule vizuri, uvae sweta, usali, uangalie unatembea na nani. Una miaka ishirini na minne na digrii ya uhandisi wa mitambo. Kama bado hujui kwamba mtu akisikia njaa hula, basi mimi na chuo chako tumekula hasara pamoja. Sabuni, blanketi na kahawa ya kutafuna aliyoileta bibi yako kutoka Kishanda vyote viko kwenye begi la bluu. Hayo yameisha.

Nataka tuzungumze juu ya moshi.

Najua hutaki. Tangu ule mkutano wa kiwandani mwaka jana, neno moshi halitajwi humu ndani, hata jiko likifuka, baba yako anasema "hewa imekuwa nzito." Lakini Jumatatu unaanza kazi Mwanza kwa bwana yule yule aliyekucheka, na kesho asubuhi Kamugisha, mtoto wa marehemu mdogo wangu, mwasha boila wa kiwanda, ataketi tena kwenye kigoda chake mbele ya sanduku la chuma ambalo mimi na wewe tunajua linaoza. Likipasuka, maji ya moto yatatokea upande wake. Siwezi kukupungia mkono kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Tuanze na bwana mwenyewe. Nilimwona mara moja tu, siku walipozindua sanduku lake pale kiwanda cha juisi ya mananasi cha Muleba, ukiwa bado kwenye mafunzo ya vitendo, ukatualika mimi na baba yako. Alikuwa amevaa kofia ngumu nyeupe ndani ya ukumbi wa chakula. Ndani! Sijui alidhani nanasi litamwangukia kutoka wapi. Kila sentensi aliianza na "kitaalamu." Kitaalamu, kuni zitapungua. Kitaalamu, joto la moshi linapotea bure. Kitaalamu, naomba soda nyingine. Nimefundisha fizikia tangu usichana wangu hadi kustaafu, na mtu anayetaja utaalamu wake kila anapovuta pumzi huwa namjua kabla hajaketi. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, umemshikia laptopu.

Wazo la sanduku lenyewe si baya, hilo nakubali. Unaweka mabomba ya chuma katika njia ya moshi kabla haujapanda juu, unapitisha ndani yake maji yanayokwenda kwenye boila, moshi unayapasha, nawe unachoma kuni chache. Sina ugomvi na sanduku. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza sanduku la kupozea moshi bila kujua moshi wa huku umebeba maji kiasi gani.

Wewe ulijua. Nikukumbushe ulivyofanya, kwa sababu naona umeanza kujisahau. Ulirudi nyumbani na kiroba cha vipande vya mikaratusi ulivyookota kwenye lundo la kuni la kiwanda. Ukapima kilo moja kwenye mizani yangu ya unga. Ukavikausha kwenye oveni yangu ya keki, ile niliyonunua kwa mzee Mhindi wa mtaa wa Bakoba kabla hajafunga duka, moto mdogo mchana kutwa na kesho yake tena. Nyumba nzima ikanuka dawa ya kifua. Baba yako akawa anazunguka sebuleni anavuta pumzi kwa nguvu, akisema mafua yake yamekwisha. Ukapima tena, ukapata nusu. Nusu ya kuni zile ilikuwa maji matupu. Huku mkaratusi unakatwa leo, unanyeshewa kesho, unatiwa motoni keshokutwa, na mwenye kiwanda anajisifu kwamba ana kuni.

Kisha ukakaa mezani. Maji yaliyomo kwenye kuni yanageuka mvuke. Hidrojeni iliyomo kwenye ukuni wenyewe ikiungua inazaa maji mengine. Hewa inayopulizwa tanuruni inaleta nitrojeni, ambayo haifanyi kazi yoyote ila kujaza nafasi, sawa na watu kadhaa ninaowafahamu. Ukajumlisha vyote vinavyopanda pamoja kwenye bomba la moshi, ukatafuta fungu la mvuke ni kiasi gani, likawa zaidi kidogo ya moja ya tano. Ukalizidisha kwa mgandamizo wa hewa wa Muleba. Ukafungua jedwali la mvuke, ukasoma nyuzi hamsini na tisa. Hizo ndizo nyuzi za umande za moshi ule. Chuma chochote kilicho baridi kuliko hapo, moshi ukikigusa, mvuke unakuwa maji juu yake, vile vile majani ya migomba yanavyolowa alfajiri bila mvua kunyesha.

Tena ungetumia hewa ya pwani ungepata sitini na mbili. Uliishusha mwenyewe, kwa sababu huku tuko juu na hewa ni nyepesi, ingawa kushusha kulimsaidia bwana yule na si wewe. Nilikuwa nakata vitunguu. Nilikuangalia, nikageukia ukutani ili usinione uso. Nilijivuna, Kemilembe. Nilichokuambia ni kwamba umeinukisha oveni yangu.

Bwana wa Mwanza alipata arobaini na tisa. Alichukua kuni kavu za kitabuni na hewa ya baharini, akavipeleka Muleba kwenye gari lenye kiyoyozi. Akaagiza maji yaingie kwenye sanduku yakiwa na nyuzi hamsini na tatu, akajiona mwangalifu sana kwa kuongeza nne. Basi hebu fikiria. Bomba lina maji ya nyuzi hamsini na tatu tumboni, na linaoshwa kutwa nzima na moshi unaoanza kutoa maji kwenye hamsini na tisa. Na maji hayo si ya kunawa uso. Yanabeba tindikali za moshi wa kuni na masizi, yanakaa juu ya chuma, yanakila taratibu. Dawa yake uliiandika mwenyewe kwa mistari miwili: maji yaingie na nyuzi sabini, kwa kurudisha kiasi cha maji ya moto kupitia bomba dogo na valvu, na kuni zijengewe banda. Khaa! Kazi ya fundi mmoja na mabati.

Yaliyotokea mkutanoni uliniambia mwenyewe, jikoni, ukiwa umenipa mgongo, unaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Meneja alikuwepo, mhasibu alikuwepo, na Kamugisha alisimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Ukasema nyuzi za umande ni hamsini na tisa, si arobaini na tisa, na maji yaingie ya moto zaidi. Bwana yule akaegemea kiti, akacheka.

"Binti," alisema, "hizo ni hesabu za mtihani. Hapa tuko kazini."

Meneja akacheka kwa sababu mtaalamu amecheka, mhasibu akacheka kwa sababu meneja amecheka. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona karatasi. Na wewe, mwenye karatasi mkononi, ukasema, "Samahani, nadhani nimechanganya vipimo."

Hukuchanganya kitu! Nilizipitia hesabu zako usiku ule mstari kwa mstari, nikitafuta kosa kwa hamu, unanijua, na sikulipata. Hata mkato ulikuwa mahali pake.

Jioni yake bwana yule akakupigia simu. Anapenda vijana wanaokubali kukosolewa, alisema, na ukishahitimu nafasi yako ofisini kwake inakusubiri. Nyoo! Kukosolewa! Hakukukosoa, alikucheka. Kukosoa kunataka kalamu. Alikuvika kilemba cha ukoka, ukakivaa, ukaja nacho hadi nyumbani, na baba yako akachinja kuku.

Wiki iliyopita nilikwenda kiwandani bila kukuambia. Uliponiuliza nilikuwa wapi nilisema kwa bibi yako, na kweli nilipita Kishanda nikamsalimu, kwa hiyo nilidanganya nusu tu. Meneja alinipokea vizuri mno. "Karibu, Mama Mwalimu," na glasi ya juisi, na kiti cha wageni kilichofunikwa kitambaa. Nilimweleza kuanzia kuni hadi umande. Alinisikiliza kwa ile heshima wanayopewa wagonjwa. Nilipomaliza akasogeza kiti mbele.

"Mama, nakuelewa. Ila Kemilembe mwenyewe alisema hapa hapa, mbele yetu, kwamba alikosea. Sasa nimwamini injinia, au mama wa injinia?"

Nilikuwa nimemdharau mtu yule tangu alipofungua mdomo. Tai yake ilikuwa na doa la juisi. Lakini swali lake lilikuwa swali zuri, na mimi niliyewahoji watoto wa watu maisha yangu yote nikainua glasi. Nikanywa juisi yao hadi ikaisha.

Kamugisha akanipeleka nyuma kwenye boila. Chini ya sanduku ameweka kopo la rangi, na ndani ya kopo kuna maji meusi. Nilichovya kidole, nikanusa. Siki na masizi.

"Hii ni nini?"

"Mvua, mama mkubwa."

"Mvua ya lini?"

Akatazama juu. Jua lilikuwa linachoma, na mvua ilikuwa haijaonekana tangu watu waanze kuanika kahawa. Kanisani walishaanza kuiombea. Akafikiri kidogo.

"Itakuwa ile ya zamani."

Mtaalamu wao ndiye aliyesema kwamba ni mvua, inaingilia juu kwenye bomba la moshi. Na watu wa huku ukiwaambia mvua, hawaulizi zaidi. Tumezaliwa ndani yake. Paa likivuja ni mvua, ukuta ukilala ni mvua, mchungaji akichelewa ibadani ni mvua. Mtu wa Dodoma angeuliza maswali. Sisi tumeliwekea bomba kofia ya bati. Maji yanatoka ndani ya moshi wenyewe, wao wanaziba juu! Na kila asubuhi Kamugisha anamwaga kopo na kulirudisha mahali pake, jua linawaka, na hakuna kichwa hata kimoja pale kiwandani kilichosimama kikajiuliza.

Nilimwambia asogeze kigoda. Alisogeza, kwa adabu, kisha akakirudisha nikiwa bado namtazama, kwa sababu pale mbele ya kimlango cha sanduku ndipo penye joto, na asubuhi kuna baridi. Nikamwambia aache kazi hiyo. Akatabasamu. "Na watoto niwalishe nini, mama mkubwa?" Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

"Ningekuwa na wasiwasi, lakini Kemi alisema alikosea. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Kemi hawezi kunidanganya mimi."

Umeona? Anakaa pale kwa sababu yako. Meneja angemwambia pako salama, asingemwamini, maana hata Kamugisha anaijua ile tai. Amekuamini wewe uliyecheza naye kibanjani kwa bibi, chini ya migomba, mkila senene kutoka sahani moja na kupigania wa mwisho.

Sasa nikuudhi kidogo, halafu nijiudhi mwenyewe.

Nimejiuliza sana mtoto wangu alijifunza wapi kuogopa kicheko kuliko bomba linalopasuka. Sikuhitaji kwenda mbali. Ulikuwa darasa la tatu. Ulifunua sufuria la ndizi, ukaona matone yanateremka chini ya mfuniko, ukaja mbio sebuleni: "Mama, mfuniko unalia!" Nilicheka hadi nikashika mbavu. Siku ya pili nikawasimulia walimu wenzangu. Jumapili nikawasimulia akina mama wa kanisani, na kwa muda mrefu kila aliyekuja hapa alikusalimu kwa kukuuliza mfuniko umenyamaza au bado unalia. Wewe ukawa unatazama vidole vyako vya miguu. Ulikuwa umeona umande, Kemilembe. Uliona jambo la kweli kabisa ukiwa na miaka tisa, kilichokosekana kilikuwa jina lake tu, na mimi niliyelijua hilo jina nikafanya kichekesho. Baada ya hapo hukuniuliza chochote juu ya jiko. Nilidhani umekua.

Darasani nilikuwa hivyo hivyo. Aliyekosea nilimpa jina, na jina likamfuata hadi sokoni. Kuna baba mzima hapa mjini, ana lori na wajukuu, wenzake bado wanamwita Waziri wa Usingizi kwa sababu nilimwita hivyo kidato cha pili. Nilijiambia nawanoa. Wengi nadhani niliwafundisha kunyamaza, na ninawakuta sasa maofisini wamenyamaza vizuri sana, wanapiga mihuri.

Hujawahi kuniuliza huu ulimi niliutoa wapi. Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule moja ambayo sitaitaja. Nilichemsha maji mbele ya darasa, nikatumbukiza kipimajoto, na zebaki ikapanda ikasimama kwenye tisini na sita. Nikaandika ubaoni kwamba hapa Bukoba maji huchemka kwenye nyuzi tisini na sita, kwa kuwa tuko juu kuliko bahari. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na gauni jipya. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma na kitambi chake. Akasimama.

"Mwalimu, maji huchemka kwenye nyuzi mia. Hata mtoto wa darasa la tano anajua. Kipimajoto chako ni kibovu. Futa."

Maji yalikuwa yanachemka pale mezani, yanaruka, na zebaki imesimama pale pale. Msichana wa dawati la mbele alikitazama kipimajoto, kisha akanitazama mimi. Nikafuta. Nikaandika mia, kwa mwandiko mzuri, na darasa zima likanakili mia. Mkaguzi akanipa mkono akasema nina nidhamu.

Tangu siku ile nimemdharau yeye, na wakaguzi wote, na wakuu wa shule, na mapadri na wachungaji wanaohubiri kwa Kiingereza, na kila mwenye kofia nyeupe. Nimekuwa hodari. Watu wakiniona Bakoba wanavuka barabara, wanasema mwalimu yule ana ulimi. Hawajui kwamba siku moja tu ulimi huo ulipohitajika, ulikaa kimya mdomoni. Dharau ni rahisi, mwanangu, mtu anaifanya akiwa ameketi. Nimeifanya maisha yangu yote, na haijawahi kurudisha tisini na sita ubaoni.

Nakusikia ukinijibu: mama, hiyo ilikuwa namba ya ubaoni tu, hakuna aliyeungua. Ni kweli. Ndiyo maana nimeweza kulala. Ila hii yako ina mtu ameketi mbele yake, ana kigoda na watoto, na kila siku inayopita lile bomba linakuwa jembamba zaidi.

Baba yako nilimwambia haya jana, akiwa anafunga mizigo yako kamba.

"Mama Kemi, mwache mtoto aende kwa amani. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?"

"Amani!" nikamwambia. "Kamugisha akiungua, utamwimbia wimbo gani na hiyo besi yako ya kwaya?"

Alitoka nje, nikamsikia anagonga matairi ya pikapu kwa mguu, moja baada ya jingine. Baba yako ni mtu mwema, na wema wake umenichosha tangu nilipoolewa, hilo huhitaji kuambiwa. Lakini alirudi ndani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza, "Kwa hiyo tunaondoka saa ngapi?" Sikuwa na la kumdharau. Nilimpa chai.

Sitakudanganya juu ya gharama. Ukifungua mdomo Muleba, habari itafika Mwanza kabla yako. Bwana yule hatapenda. Pengine utafika Jumatatu ukute meza yako ina mtu mwingine, kijana mwingine anayekubali kukosolewa. Nimeligeuza jambo hilo wiki nzima, na mimi ndiye niliyekulipia ada, kwa hiyo usidhani nalisema kirahisi. Kazi hii uliililia. Nilikuona ukilipiga pasi shati lile lile mara mbili. Waitu, inaniuma. Ningependa kukutumia salamu Mwanza, nikajigamba kwa hao akina mama waliokuwa wanakuuliza habari za mfuniko. Lakini bora urudi hapa bila kazi, unijibu vibaya mezani, unune, ulale hadi saa nne, kuliko ufanikiwe kwa neno moja la uongo ulilojisemea mwenyewe. Ukizoea kusema umekosea pale ambapo hukukosea, hutajua tena ni lini umekosea kweli. Mimi ilinichukua miaka mingi, na bado sina hakika.

Na huenda nimekosea juu ya bwana yule. Huenda akiona kopo la maji meusi atavua kofia, akaomba karatasi. Sidhani. Lakini nimewahi kudhani vibaya juu ya watu, na wewe ni mmoja wao.

Sasa la kesho. Uliniomba nikukatie tiketi ya Ijumaa asubuhi kutoka hapa Bukoba. Nimekata ya Jumamosi, na unapandia Muleba; kesho utalala kwa bibi yako Kishanda. Usinipigie kelele; kazi inaanza Jumatatu, hutachelewa. Baba yako atawasha pikapu saa kumi na moja alfajiri. Ukimwambia akupeleke stendi ya hapa, atakupeleka, wala hataguna, na mabasi ya Mwanza hayakosi kiti. Sitakupigia simu ya lawama, wala sitalitia jambo hili kwenye maombi ya Jumapili. Kuna mambo mengi nimekuamulia bila kukuuliza, hata hiyo tiketi. Hili la kusema siwezi kukusemea. Nilijaribu, wakanipa juisi.

Lakini mkifika njia panda ya kiwanda na ukamwambia baba yako akate kona, basi fika kabla Kamugisha hajawasha moto. Mwambie yeye kwanza, yeye kabla ya meneja, kwamba siku ile hukukosea, uliogopa. Atakusamehe upesi kuliko unavyostahili, vumilia. Halafu ingia ofisini. Usianze na samahani. Usitabasamu. Usiwaeleze wewe ni mtoto wa nani. Sema hamsini na tisa.

Wakicheka, rudia.

Mama yako